Mabegi laini kwenye pikipiki: mikanda inalegea njiani, nifunge vipi?

Mwendapole aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limenisumbua kwa safari tatu mfululizo. Pikipiki yangu ni ya cc 250, ina keria ndogo ya bomba nyuma ya kiti, na sikutaka kuiongezea masanduku ya chuma kwa sababu ya uzito na upana wake. Ninatumia mabegi mawili ya turubai ya ubavuni, yaliyounganishwa kwa mikanda miwili mipana inayopita juu ya kiti cha abiria, na juu ya mikanda hiyo ninalaza kwa kukingama begi refu la kukunja mdomo lenye hema, godoro jembamba na nguo. Begi hilo refu ninalifunga kwa mipira miwili yenye kulabu, iliyopishana kama mkasi, na kulabu zote nne zimeshika kwenye keria, chini kabisa ya begi.

Ninapoondoka, kila kitu huwa kimekaza kiasi kwamba nikilitikisa begi, pikipiki nzima inatikisika. Baada ya nusu saa hivi, hasa nikitoka kwenye lami na kuingia barabara ya vumbi, begi refu huwa limeshaanza kuinamia kulia, na begi la ubavuni la upande huo linavutwa pamoja nalo. Safari ya kwanza nilidhani nimefunga kwa haraka. Ya pili niliongeza mpira wa tatu. Katika safari ya mwisho nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, nikadhani inatoka kwenye gari lililokuwa mbele yangu, na niliposimama nikakuta kona ya chini ya begi la kulia imelala juu ya ekzosi, imetoboka tundu la ukubwa wa kiganja, na koti la mvua lililokuwa ndani limegandia kwenye bomba. Utando mweusi uliobaki unanuka hadi leo injini ikipata moto.

Je, tatizo ni mipira, ni mabegi, au ni namna ninavyopanga mzigo? Kuna aliyenishauri nitumie mikanda ya racheti kama ile ya kufungia mizigo kwenye malori, lakini nina wasiwasi kwamba nitaipasua keria. Ningependa pia kujua ni sehemu zipi za pikipiki zinazofaa kufungiwa na zipi hazifai, kwani hadi sasa ninafunga popote kulabu inapoingia.

Kilomita_Mia alijibu:

Pole kwa koti, Ndugu Mwendapole. Maelezo yako yamebeba nusu ya jibu. Umesema mzigo ulikuwa umekaza wakati wa kuondoka, na kwamba mpira wa tatu haukusaidia kitu. Maana yake ni kwamba nguvu ya kukaza haikupungua; kasoro iko katika tabia ya mpira wenyewe na katika upande unaovutia.

Gurudumu la nyuma likipanda tuta, kiti hulisukuma begi juu. Likishuka ghafla, kiti hukimbia chini na begi hubaki hewani kwa kitambo kidogo sana. Mpira hulikubalia, kwa kuwa kuvutika ndiko kazi yake. Begi linaporudi halitui pale pale lilipoondokea, bali hutua pembeni kidogo, kuelekea upande ulio mzito. Pita matuta mia kadhaa ya namna hiyo na begi litakuwa limelala kulia, huku mipira yote ikiwa bado imekaza vizuri kabisa. Ndiyo sababu mtu hushangaa, kwa kuwa anakuta mzigo umehama na hakuna kilicholegea.

Kisha kuna suala la pembe. Wewe unabeba hema, kwa hiyo unajua kwamba kamba ya hema ikishuka wima kando ya nguzo haizuii nguzo kuanguka, na ndiyo maana vigingi hupigwa mbali. Kulabu zako zimeshika chini ya begi, basi zinalikandamiza tu na hazina la kufanya likitaka kwenda mbele au nyuma. Kwenye lami kavu, ukifunga breki kwa nguvu zote, begi la kilo 10 linaweza kusukuma mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wake lenyewe, na kitakachopokea msukumo huo ni mgongo wako.

Ushauri wangu ni mikanda miwili isiyovutika, mmoja kushoto na mmoja kulia, yenye bizimu la meno. Ni lile ambalo unavuta ncha kwa mkono, meno yanauma yenyewe, na ukitaka kuachia unabonyeza kwa kidole gumba. Kila mkanda uanzie kwenye fremu mbele ya begi, upande juu yake, kisha ushuke nyuma hadi mwisho wa keria, ili miguu yote minne ya mikanda itanuke kama kamba za hema. Kabla ya kuushusha nyuma, uzungushe mkanda mara moja kulizunguka begi, au uupitishe kwenye vitanzi vilivyoshonwa juu yake kama vipo. Mzunguko huo mmoja ndio unaolizuia begi kuteleza kwenda kushoto au kulia ndani ya mkanda, na watu wengi huuacha kwa sababu unachukua dakika moja zaidi.

Ukiweza kuchagua, chukua mikanda ya poliesta badala ya nailoni. Nailoni hunyonya maji na huvutika zaidi ikilowa, kwa hiyo mkanda uliokazwa pakavu hulegea mvua ikinyesha, na hapo bizimu halijateleza hata kidogo. Sehemu ya mkanda iliyo hewani, kati ya begi na fremu, isokote nusu mzunguko, kwa sababu mkanda bapa ulionyooka huvuma kwenye upepo na kujisugua kwenye kila kona unayoigusa, ilhali uliosokotwa hunyamaza.

Ncha inayobaki ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Ikining'inia hadi kwenye cheni au spoku, huvutwa ndani kabla mkono wako haujaifikia klachi, na gurudumu la nyuma linaweza kukwama papo hapo. Ikunje, uipitishe chini ya mkanda wake wenyewe, uifunge mafundo mawili. Usiikate fupi kwa sababu ya safari moja. Siku utakayobeba begi nene zaidi utajuta.

Tena, begi la kukunja mdomo litolewe hewa. Lipigie goti, hewa itoke, kisha ukunje mdomo angalau mara tatu kabla ya kufunga vibanio. Hata hivyo nguo zitajipanga upya njiani, kwa hiyo simama baada ya kilomita 15 hivi, ukaze tena. Mimi husimama hata kama kila kitu kinaonekana sawa.

Fundi_Nyuma alijibu:

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia. Nitaongeza yale ninayokutana nayo pikipiki zinapoletwa kwangu baada ya safari.

Mdogo wangu Mwendapole, wasiwasi wako kuhusu racheti ni wa haki. Racheti ina mkono unaozidisha nguvu ya anayekaza, na kwenye mzigo laini hakuna kinachomwambia kwamba imetosha, kwa sababu begi linaendelea kubonyea na meno yanaendelea kuruka, huku bomba la keria likipinda polepole. Nimechomelea keria nyingi zilizopasuka mahali pale pale, bomba linapokutana na kibamba chenye tundu la bolti. Racheti inafaa kufungia pikipiki juu ya lori. Kufungia begi juu ya pikipiki ni kazi nyingine.

Kuhusu mahali pa kufunga, kanuni ninayoifuata ni moja: pande zote mbili za mkanda ziwe kwenye kitu kisichosogea kuhusiana na kiti. Fremu ya nyuma chini ya kiti inafaa, mabano ya vikanyagio vya abiria yanafaa, vishikio vya abiria vilivyofungwa kwa bolti kwenye fremu vinafaa, na keria nzima. Ukifunga upande mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye mkono unaobeba gurudumu la nyuma, kila tuta litaukaza mkanda na kuulegeza tena, na hakuna bizimu litakalovumilia hilo kwa safari nzima. Usifunge kwenye indiketa, kwenye plastiki za ubavuni, kwenye madigadi, wala kwenye kibao cha namba. Na usipitishe mkanda juu ya bomba la mafuta ya breki hata kama unaona nafasi imebana; nimeliona bomba la mpira lililokuwa na mkunjo mweupe kwa sababu hiyo, na mwenye pikipiki alikuja akilalamika kwamba breki ya nyuma inachelewa kuachia.

Jambo litakalokupunguzia taabu ni hili. Fungua kiti, tengeneza vitanzi vinne vya mkanda mfupi, uvifunge kwenye fremu kwa kupitisha kitanzi ndani ya kitanzi, kisha urudishe kiti huku vichwa vyake vikichungulia pembeni. Vinakaa humo daima. Siku ya safari unapitisha mikanda yako kwenye vitanzi hivyo, na hutahitaji kulabu tena. Kulabu iliyo wazi huchomoka pale mzigo unaposhuka na mkanda kulegea kwa nukta moja, na mpira uliovutwa ukikuponyoka mkononi, ile kulabu inarudi kwa kasi usawa wa macho.

Sasa moto. Polipropilini, ambayo ndiyo mikanda mingi ya bei ya chini, huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi; nailoni ya kawaida huyeyuka karibu na 220, na poliesta karibu na 250 au zaidi kidogo. Usizifanye namba hizo kuwa ruhusa, kwa kuwa kitambaa hudhoofika mapema sana kabla ya kuyeyuka, na bomba la ekzosi karibu na injini huzipita zote. Mimi huacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya begi na bomba, na nafasi hiyo ninaipima mzigo ukiwa umefungwa na mtu amekaa juu, si pikipiki ikiwa tupu kwenye stendi. Bamba la kukinga joto linasaidia iwapo limeinuliwa kwa washa, yaani vile vipete vya chuma vya kuwekea chini ya bolti, ili hewa ipite katikati. Likilala moja kwa moja juu ya bomba, nalo linakuwa moto kama bomba.

Kuhusu kupanga uzito, nitasema kwa kifupi. Vitu vizito kama spana na maji vikae kwenye mabegi ya ubavuni, chini na mbele kadiri inavyowezekana, na begi la juu libebe vyepesi. Mzigo mzito ukikaa nyuma ya ekseli huliinulia gurudumu la mbele uzito, usukani unakuwa mwepesi na kuyumba kwenye mwendo. Keria nyingi zimeandikwa kiwango chake, na mara nyingi ni kilo chache kuliko mtu anavyotarajia. Uzito wa juu ulio kwenye kitabu cha pikipiki unamhesabu dereva, abiria na mizigo kwa pamoja. Ongeza upepo wa tairi la nyuma kama kitabu kinavyoelekeza kwa mzigo, kaza springi ya shokomzoba, kisha angalia taa ya mbele, kwa sababu nyuma ikizama taa inawamulika machoni wanaokuja.

Bi_Turubai alijibu:

Nimewasoma nyote kwa makini. Mimi nashona mabegi, kwa hiyo ninayaona matatizo haya kutoka upande wa uzi, na ninaomba msiitupe mipira yote katika kapu moja. Mpira wa kulabu siutetei. Lakini ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya tairi, usio na kulabu, ni kitu kizuri, maana unashika kitambaa bila kuteleza na ukikatika hauleti chuma usoni. Mimi huutumia juu ya mikanda ya kweli, kushikilia koti la mvua ninalotaka kulitoa haraka, na pia kuzibana zile ncha ambazo Kilomita_Mia amezisema.

Mwendapole, geuza mabegi yako uangalie mahali mkanda unaposhonewa kwenye turubai. Mshono unaostahili kubeba mzigo ni mraba wenye mistari miwili ya uzi iliyopishana kama mkasi ndani yake, na nyuma yake kuwe na kipande cha pili cha kitambaa. Kama utakuta mstari mmoja tu wa uzi unaokatisha mkanda, hapo ndipo patakapoanza kuachia, na dalili yake ni matundu ya sindano yanayorefuka kuelekea upande unaovutwa. Mkanda uliopauka kwa jua na kuwa na manyoya ukingoni nao ubadilishwe, hata kama bado unaonekana mnene. Zipu usiipe kazi ya mkanda. Begi lililojaa hadi zipu inaunda upinde hukazwa kwanza kwa mikanda ya pembeni, na zipu hufungwa baadaye ikiwa haina mvuto.

Lile tundu linazibika. Kata kingo zilizoyeyuka hadi ufikie kitambaa kizima, kwa maana ule ukingo mgumu utaendelea kupasuka. Weka kiraka ndani na kingine nje, na kona zake ziwe za mviringo, kwani kona iliyochongoka ndiyo huanza kubanduka. Gundi bila uzi haitadumu karibu na ekzosi. Shona kwanza, kisha ufunike mshono kwa gundi ili maji yasipite. Na ule utando uliobaki kwenye bomba, uupashe injini ikiwa inaunguruma kwa dakika chache, uzime, kisha uukwangue kwa kipande cha mti huku umevaa glavu nene. Bisibisi itakuachia mikwaruzo ya kudumu.

Kabla hujaweka mabegi, futa vumbi lote mahali yanapogusa rangi. Watu hutanguliza kitambaa wakidhani wanaikinga rangi, lakini mchanga ukiingia chini ya kitambaa hicho kinageuka msasa.

Kilomita_Mia alijibu:

Bi Turubai, nakubali kuhusu tyubu, na ninaondoa neno langu kwa kiasi hicho. Nitaongeza tu kwamba isikaribie ekzosi.

Mwendapole aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimefanya kama mlivyoelekeza, na sasa naleta majibu pamoja na swali moja.

Nilifungua kiti nikaweka vitanzi vinne, nikahamisha spana, pampu na chupa za maji kutoka begi refu hadi mabegi ya ubavuni, na nikafunga begi refu kwa mikanda miwili ya poliesta, kila mmoja ukiwa umelizunguka mara moja. Kabla ya kuondoka niliweka alama mbili za kalamu kwenye keria, sambamba na mshono wa begi, nikapaka chaki kwenye ubavu wa tairi la nyuma na kwenye bamba la kukinga joto, nikaenda kilomita 40, nyingi zikiwa za barabara mbovu ya vumbi.

Niliposimama kwenye kilomita ya 15, mikanda ilikuwa imelegea kiasi cha kuingiza vidole viwili, nikakaza. Tangu hapo haikulegea tena. Alama za kalamu na mshono vilibaki vimeelekeana hadi mwisho, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu ninunue begi hilo. Mikanda haivumi tena, na nimegundua kwamba ule mlio niliodhani ni wa kofia yangu haukuwa wa kofia.

Hata hivyo begi la ubavuni la kulia limerudi na mstari mweupe wa chaki, urefu wa vidole vitatu, kwenye kona ya chini ya nyuma. Pikipiki ikiwa imesimama, nami nimekaa juu yake, nafasi kati ya kona hiyo na bamba inatosha kiganja kizima. La kushoto ni safi. Je, niinue mabegi, au kuna njia ya kulizuia lile moja?

Fundi_Nyuma alijibu:

Chaki imekwambia kweli, mdogo wangu. Mabegi yako yameshikwa juu tu, kwa mikanda inayopita kwenye kiti, na chini yanaelea. Kwenye tuta, begi hutoka nje kama mlango kisha hujipiga ndani, na wakati huo huo nyuma ya pikipiki imezama. Ukipima imesimama hulioni hilo.

Inua mabegi yote mawili kwa kukaza mikanda ya kiti, lakini usitegemee hilo peke yake. Kwenye kona ya chini ya mbele ya kila begi weka mkanda mfupi unaolivuta mbele na chini hadi kwenye bano la kikanyagio cha abiria. Mkanda huo unazuia begi kupepea nje na pia unaitoa ile kona ya nyuma mbali na bamba. Kisha, kwa upande wa ekzosi, tengeneza chuma cha bomba jembamba kitakachotoka kwenye keria hadi kwenye bano hilo hilo, kipite kati ya begi na bamba, ili begi likirudi ndani liegemee chuma. Usitoboe fremu kwa ajili yake. Tumia matundu ya bolti yaliyopo, na bolti zenye unene ule ule ila ndefu zaidi kidogo, pamoja na nati za kujifunga, kwa sababu nati ya kawaida itatoka kwa mtetemo.

Angalia pia kwamba kikanyagio cha abiria bado kinakunjika baada ya kuweka mkanda huo, na kwamba kisigino chako hakiugusi unapokanyaga breki ya nyuma. Ukimaliza, paka chaki tena na upite barabara ile ile, ukiwa na mzigo ule ule.